Dimbwi linakauka kabisa kila mwaka, mvua zikianza samaki wamejaa. Wanatoka wapi?

mkulima_wa_bondeni

Wakuu habari za jioni, naombeni mwenye elimu ya samaki anisaidie hapa maana hili jambo limeshazua mabishano nyumbani hayaishi. Huku kwetu bonde la Ruvu kwenye shamba la mama kuna dimbwi, sio kubwa sana, lipo kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaong'ang'ania kwenye buti. Kiangazi linakauka lote, sio kwamba kinabaki kidimbwi katikati, hapana, linakauka mpaka ardhi inapasuka nyufa mkono unaingia, ng'ombe wanakatiza humo na watoto wanacheza mpira. Mto uko mbali na hata mwaka ukifurika maji hayafiki pale.

Sasa mvua zikishashika, wiki tatu nne hivi, ukienda unakuta samaki wamejaa. Ni wadogo, kama urefu wa kidole, madume wana mwili wa buluu na mkia mwekundu unaowaka, majike ni kijivu tu na madoadoa meusi ubavuni. Hakuna mtu aliyewapandikiza. Wazee wanasema wanashuka na mvua, mjomba anasema wanajizika ardhini kama kamongo, lakini kiangazi tulichimba tukashuka mpaka kwenye udongo mbichi hatukuona samaki hata mmoja, si mzima si mfu.

Sababu ya kuuliza ni kwamba baba mdogo anataka kuleta kijiko achimbe lile dimbwi liende chini, lishike maji mwaka mzima afuge perege, na lile tope la chini lisombwe likamwagwe kwenye bustani ya mboga. Mama ndo ameniuliza, hivi wale samaki wetu wa rangi watarudi? Nimekosa jibu. Nisaidieni tafadhali.

tingatinga_88

Mkuu hao wanashuka na mvua kabisa usibishane na wazee. Bibi yangu aliwahi kuokota samaki njiani asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, tena wazima wanatingisha mkia, na mto uko mbali. Sasa hao nao walitoka wapi kama sio juu?

dada_wa_matangi

@tingatinga_88 kaka wale wa njiani karibu kila mara ni kambare. Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua kwa hiyo usiku wa mvua anaweza kutoka kwenye maji akatambaa kwenye majani yaliyolowa akitafuta sehemu ya kuzalia, asubuhi jua likimkuta njiani ndo mnamuokota. Kwa hiyo bibi aliona kitu cha kweli kabisa, ila hakikutoka mawinguni.

@mkulima_wa_bondeni sasa nije kwako. Mimi nafuga samaki wa matangi hapa Dar miaka mingi na hao unaowasema ndo ninaowapenda kuliko wote, kwa hiyo nivumilie nitaandika ndefu.

Hao samaki hawatoki popote. Wamo humohumo dimbwini mwaka mzima, ila kiangazi wapo katika hali ya mayai. Nyie mlichimba mkitafuta samaki, na yai lenyewe lina kama milimita 1 tu na limejipaka tope, hata likiwa kiganjani mwako unaweza usilione. Kundi lao linaitwa Nothobranchius, zinajulikana aina zaidi ya 80, wametapakaa kuanzia Sudan mpaka Afrika Kusini, na hakuna nchi yenye aina nyingi kama Tanzania. Huyo wako kwa maelezo ya jike mwenye madoa meusi naona ni Nothobranchius melanospilus maana aina nyingi nyingine jike hana alama yoyote, ni kijivu au kahawia tupu, na melanospilus bonde la Ruvu yumo.

Ukitaka kuelewa inakuwaje waangalie wanavyotaga. Dume anamfukuzia jike, akimfikia anaenda naye sambamba, anamfunika mgongoni kwa pezi lake la juu na kumkandamiza chini mpaka matumbo yao yaguse tope, wanatetemeka wote kwa pamoja sekunde chache, yai moja linatoka, linarutubishwa palepale na kuzama kwenye tope. Moja tu. Wanaachana, kidogo wanaanza tena. Hivyo kutwa, na kesho tena, jike mmoja mwenye afya anatoa makumi ya mayai kila siku mpaka maji yaishe. Ganda la yai ni gumu kweli ukilinganisha na samaki wengine na nje lina vinyweleo vidogo vinavyoshika chembe za tope.

Maji yakikauka wakubwa wote wanakufa, hakuna anayebaki. Hapo ndo tofauti na kamongo anayosema mjomba, kamongo ni samaki mzima anayejizika na kulala ndani ya utando wake anasubiri maji, huyu wa kwako mzazi hasubiri chochote, anayesubiri ni mtoto aliye ndani ya yai. Wazazi na watoto hawaonani kabisa.

mkulima_wa_bondeni

Mwee! Kumbe wale watoto wanaocheza mpira wanakanyaga mayai! Dada asante sana, nimemsomea mama hapa anatikisa kichwa. Ila kuna kitu kinanisumbua, yai linakaaje miezi yote hiyo kwenye udongo mkavu na jua lile la Januari Februari bila kuoza au kukauka? Na swali la pili, kwetu vuli wakati mwingine inadanganya, inanyesha wiki mbili dimbwi linajaa nusu alafu kimyaa mpaka masika. Sasa mayai si yote yataanguliwa na vuli ya uongo, vitoto vife, mwaka unaofuata kusiwe na kitu? Mbona hawajaisha?

mwl_wa_baiolojia

Hilo swali la pili ndo roho ya jambo lenyewe, mkulima umeuliza kitu ambacho watu wanakifanyia utafiti maabara.

Yai la samaki wa kawaida, chukua perege, likirutubishwa safari ni moja tu, seli zinagawanyika, mwili unajengeka, siku chache linaanguliwa, likichelewa linakufa. La huyu wa madimbwini lina vituo vitatu njiani ambapo linaweza kusimama. Kusimama huko kunaitwa dayapozi. Sio kwamba limekufa wala limeganda, limezima karibu shughuli zote mpaka matumizi ya nguvu yanashuka chini kabisa, ndo maana kile kiini kidogo cha chakula kinatosha miezi na miezi.

Kituo cha kwanza ni mapema sana. Kwa hawa samaki kuna jambo la ajabu, seli za mwanzo badala ya kukusanyika kutengeneza mwili zinatawanyika kila moja kivyake juu ya kiini, ukiangalia kwa hadubini huoni kichwa wala mkia, ni seli zilizosambaa tu. Hapo linaweza kusimama, hasa kama tope bado limefunikwa na maji na hakuna hewa. Tope likianza kukauka na kupasuka, hewa inaingia kwenye zile nyufa, seli zinajikusanya na mwili unaanza kujengeka. Kwa hiyo zile nyufa zako mkono unaingia ndo madirisha ya hayo mayai.

Kituo cha pili kiinitete kimefika katikati, uti wa mgongo umeshajipanga vipande vipande, chimbuko la macho lipo, moyo upo. Hapo ndo wengi wanapitishia kiangazi. Cha tatu mtoto amekamilika kabisa, amejikunja ndani ya ganda, macho yamezungukwa na duara la rangi ya dhahabu linaloonekana hata kwa kioo cha kukuzia cha kawaida, hana kilichobaki isipokuwa kutoka. Anasubiri maji.

Sasa jibu la vuli ya uongo. Mayai ya mama mmoja, yaliyotagwa siku moja, tope moja, hayaendi kwa mwendo mmoja. Mengine yanasimama vituo vyote, mengine yanaruka kituo cha pili na kukimbilia mwisho, joto kali linasaidia kuruka, mengine yanakaa kituo cha kwanza muda mrefu sana. Matokeo yake mvua ya kwanza ikija kuna walio tayari na kuna ambao bado. Walio tayari wanatoka, kama mvua imedanganya wanakufa, inauma lakini ndivyo ilivyo, ila chini bado kuna akiba haijaguswa inasubiri masika. Na kuna mayai yanayoweza kupitisha zaidi ya mwaka mzima humo. Ndo maana hawajaisha. Ukiniuliza mimi hilo ndo la kumshangaza mtu, kuliko hata rangi zao.

Kuhusu ukavu, ganda ni nene na linazuia maji ya ndani yasitoke ovyo, na udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi unaoshika unyevu. Juu unaona vumbi, chini kidogo ukiweka kidole unahisi ubaridi. Madimbwi yenye mchanga mtupu hayana hawa samaki.

binti_wa_Unguja

Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma na nimefurahi sana, sisi Unguja tuna wetu, Nothobranchius guentheri, kisayansi ameelezwa tangu 1893, na kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa hapa kisiwani. Mafia nako wapo wao. Kinachonitia huzuni ni kuwa watu wa nje wanawafuga majumbani mwao miaka na miaka na huku kwetu mtoto anamaliza skuli hajapata kusikia jina lake. Na yale madimbwi ndiyo ya mwanzo kufukiwa, kwa sababu mtu akija kutazama kiwanja wakati wa kiangazi anaona bonde kavu halina faida, analeta kifusi, basi.

Mwalimu naomba uwaeleze na ule utafiti wa Msumbiji, mimi nimeusikia juu juu.

mwl_wa_baiolojia

@binti_wa_Unguja waalaykum salaam. Ule ni wa Nothobranchius furzeri, aina ya Zimbabwe na Msumbiji, mara ya kwanza alikusanywa 1968 Gonarezhou Zimbabwe. Mwaka 2018 watafiti kutoka Jamhuri ya Cheki walichapisha matokeo ya kufuatilia madimbwi ya Msumbiji, wakakuta samaki porini anatoka kwenye yai akiwa na kama milimita 5 na siku 14 tu baadaye yuko tayari kuzaa. Siku 14! Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kukua haraka hivyo mpaka kuzaa. Na maisha yake yote ni miezi michache, kwa hiyo maabara za Ujerumani, Jena na Köln, zinamtumia kuchunguza uzee unavyokuja mwilini, maana unamuona akizaliwa, akikomaa na akizeeka ndani ya muda mfupi.

Mkulima, kwa hiyo zile wiki tatu nne ulizosema hazinishangazi kabisa.

dada_wa_matangi

Naongezea hapo kwenye kutoka kwenye yai maana hili nimeliona kwa macho yangu na kila msimu naliangalia upya.

Mimi mayai nayakusanya kwenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuchemshwa, nayakamua yabaki na unyevu kidogo, nayafunga kwenye mfuko naweka kabatini. Baada ya miezi miwili mitatu naanza kufungua kuangalia kwa tochi na kioo. Yai likiwa bado linaonekana angavu kama ushanga wa kioo. Likiwa tayari unaona yale macho, mawili, yanakutazama kabisa, ukiligeuza unaona mtoto amejizungusha mara moja na zaidi ndani.

Hapo unamwaga kwenye beseni na kumimina maji ya ubaridi kidogo, kina kifupi tu, vidole viwili vitatu. Usitarajie kusubiri siku, ni masaa. Mtoto anatoa kimeng'enya kinacholainisha ganda kwa ndani, linalegea, anajinyoosha kwa nguvu mkia unatoka au kichwa kinatoka, alafu anatulia chini. Kisha anapanda juu. Hii safari ya kwanza kupanda ni muhimu mno kwa sababu lazima ajaze hewa kwenye kibofu chake cha kuelea mapema, akishindwa atabaki anaburuzika chini kwa tumbo maisha yake yote na porini huyo haponi. Yai lililoloweshwa kabla halijaiva ndo linatoa wengi wa namna hiyo, kwa hiyo ukiona macho hayajakamilika funga mfuko rudisha kabatini, subira tu.

Siku hiyohiyo wanaanza kuwinda. Ni uzi tu wenye macho lakini wanakunja mwili, wanalenga, wanaruka. Mimi nawapa atemia wachanga, vile vidudu jamii ya kamba vya maji ya chumvi. Porini wanakula vidudu vidogo vya majini ambavyo navyo mayai yake yalikuwa yamelala kwenye tope lilelile, kwa hiyo mvua inaamsha mlaji na chakula kwa pamoja. Nikifika hapo huwa nakosa la kusema, ni Mungu tu.

Mkulima ukitaka mama aone, kabla mvua hazijaanza chukueni tope la chini kabisa ya dimbwi, kina kama cha kiganja, ndoo ndogo inatosha, usichukue zaidi ya hapo. Wekeni kwenye beseni jeupe, mwageni maji ya mvua au ya kisima, sio ya bomba yenye dawa, muache yatulie. Jioni au kesho yake angalieni kwa tochi pembeni pembeni. Mkipata vitoto virudisheni dimbwini likishajaa, na msije mkavipeleka dimbwi lingine maana huko kunaweza kuwa na aina nyingine mkachanganya damu.

afya_kwanza

Naomba kuuliza, hao wanakula viluwiluwi vya mbu? Kama wanakula mbona tusiwasambaze kila mtaa tupunguze malaria?

mwl_wa_baiolojia

Wanakula, tena vizuri, viluwiluwi vya mbu ni chakula chao kabisa, na kuna watafiti waliowahi kupendekeza watumike hivyo. Ila mtaa unataka samaki anayekaa kwenye maji mwaka mzima na huyu maisha yake yamefungwa na dimbwi linalojaa na kukauka. Palipo na dimbwi lake muacheni afanye kazi humo. Kinachoniudhi ni watu kuleta samaki wa kigeni na kuwamwaga kwenye madimbwi kwa sababu hiyohiyo ya mbu, wakifika wanakula vitoto vya wenyeji na kugombea chakula. Na jingine, bomba la kupulizia dawa shambani lisioshwe dimbwini jamani, kitoto cha milimita 5 hakistahimili hata tone la ile dawa.

mkulima_wa_bondeni

Nimeelewa vizuri sana wakuu. Sasa turudi kwa baba mdogo, kijiko kinakuja mwezi ujao na hela ya mafuta ameshatafuta. Akichimba pale watarudi au ndo basi? Yeye anasema si maji yataongezeka, samaki watapenda.

dada_wa_matangi

Ndo basi, bora nikwambie wazi. Kwanza lile tope la chini ya dimbwi mnalotaka kumwaga kwenye bustani ndo ghala la mayai, likisombwa umesomba samaki wa mwaka kesho na wa mwaka keshokutwa. Pili hata mkiliacha, maji yakikaa mwaka mzima tope halipati hewa na mayai yanabaki yamesimama. Tatu na hili ndo kubwa, perege na kambare hawakai pamoja na hawa, vitoto vinaliwa vyote. Sababu hawa wameishi miaka yote kwenye dimbwi linalokauka ni kwamba samaki wakubwa hawawezi kuishi humo, ukavu ndo unaowalinda. Ukiondoa ukavu umeondoa ukuta wa nyumba yao. Maji mengi kwao sio faida.

perege_na_maisha

Mimi nafuga perege, nikuongezee upande wa baba mdogo ili mzee asione tunampinga tu. Pale dimbwini hata kwa perege sio pazuri. Ni sehemu ya chini kuliko zote, kila mvua inaleta takataka na dawa za mashamba ya juu, masika inafurika huna namna ya kuzuia samaki wasitoke, na kuvuna utapata tabu maana huwezi kumwaga maji yaende wapi. Bwawa la kufugia linatakiwa sehemu yenye mteremko kidogo ili ulijaze juu na kulimwaga chini, kina mita 1 mpaka 1.5 kinatosha, na udongo wenu wa mfinyanzi unashika maji hata huko pembeni. Kwa hiyo mwambie kijiko kije hivyohivyo na mafuta yaleyale, kichimbe pembeni, ila wasichimbe upande ambao bwawa likifurika maji yataelekea dimbwini. Kama hamna pengine basi wekeni tuta na mtaro wa kupeleka maji ya ziada upande mwingine, na mdomo wa bomba la kutolea maji ufungwe wavu wa matundu madogo, vifaranga vya perege vinapita kwenye tundu ambalo ukiliangalia huamini.

mkulima_wa_bondeni

Hii ya mteremko nimeipenda, ipo sehemu juu ya mkorosho mkubwa, haijapandwa kitu na inaangalia upande wa barabara sio wa dimbwi. Jumapili baba mdogo anakuja, nitamuonyesha huu uzi wote, na mama ameshasema yeye ndo mwenye shamba. Swali la mwisho kwa dada, ng'ombe waendelee kupita au niwafungie?

dada_wa_matangi

Waache wapite kama walivyozoea, wamepita hapo miaka yote na samaki wapo. Usiruhusu tu wakusanyike kulala humo kiangazi, samadi ikirundikana mvua za kwanza maji yanachacha na hewa inaisha ndani yake, na ndo siku zilezile vitoto vinatoka. Na trekta lisikatize katikati likiwa kavu, zungukeni.